Kilima Nilichokihifadhi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo ya chokaa, brashi ya katani, na onyo kwamba nisiguse kitu chochote. Nilidhani nimeangukia kwa watu wenye wazimu. Mtu anakupa ndoo na brashi, halafu anakukataza kugusa! Lakini Mhifadhi Mkuu wa magofu ya Kilwa, mzee mfupi ambaye jicho lake moja lilikuwa limepauka kwa vumbi la chokaa, hakuwa mtu wa mzaha saa za asubuhi. Alinisimamisha mbele ya ukuta wa msikiti wa kale, akanionyesha ufa uliotoka juu hadi usawa wa kiuno changu.

"Kijana wa Ziwa Nyasa," alisema, "ukuta huu umesimama mamia ya miaka bila wewe. Kazi yako si kuujenga. Kazi yako ni kuzuia mikono ya watu, na mkono wa kwanza kuuzuia ni wa kwako."

"Sawa, mzee."

"Haya, anza kuzuia."

Nilisimama pale na ndoo yangu mpaka adhuhuri. Watu wa kisiwani walipita wakinitazama, wengine wakanisalimia, mmoja akaniuliza kama nimeadhibiwa.

Nyinyi mnaoingia kazi hii leo mkiwa na simu zenye kamera huenda mkacheka, lakini ndivyo tulivyofundishwa. Magofu yale yalikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, maana yake mataifa yamekubaliana kwamba mahali hapo si pa wenyeji peke yao, ni pa binadamu wote, na pakiharibika hasara ni ya wote. Mimi ni mtoto wa Lundo, nimelelewa kwa usipa, dagaa wa ziwani, na ugali wa muhogo, baba yangu mvuvi na mzee wa kanisa la Anglikana. Ukitoka huko ukaambiwa umekabidhiwa mali ya binadamu wote, kichwa kinavimba kidogo. Changu kilivimba na hakikupungua kwa miaka mingi.

Nilijifunza kuchoma mawe ya matumbawe, kuyazima kwa maji na kuyaacha shimoni majuma kadhaa mpaka chokaa iwe laini kama uji wa mtoto. Nilijifunza kwamba saruji ni adui, kwa sababu ni ngumu kuliko jiwe la kale na hulibana mpaka likamomonyoka. Nilijifunza pia kutega kioo cha shahidi. Hicho ni kipande chembamba cha kioo tunachokibandika juu ya ufa, upande mmoja hadi mwingine. Kioo kikikaa salama, ukuta umetulia. Kikipasuka, ukuta unatembea, na ukuta unaotembea kwetu ulikuwa sawa na mgonjwa aliyezidiwa. Kila asubuhi nilizunguka kukagua vioo vyangu, na kila nilipokuta vizima nilifurahi. Kwa hiyo niliamini, kwa roho yangu yote, kwamba kitu kinachohifadhiwa ni kitu kisichosogea.

Kisha ikaja ruksa, miaka ya biashara kufunguliwa. Madukani sabuni zikajaa, mitumba ikamwagwa kila gulio, kila mwenye mtaji akawa mfanyabiashara. Serikalini mambo yalikwenda kinyume. Barua za kupunguzwa kazi zilianza kutembea ofisi hadi ofisi, na wale tuliobaki tuliambiwa tujieleze tunaliingizia taifa nini. Niliitwa makao makuu ya idara yetu ya mambo ya kale, Dar es Salaam, kwa Mkurugenzi Msaidizi, mtu mrefu aliyependa kuzungumza huku akitazama dirishani.

"Siku hizi hata gofu linatakiwa lijilipie," alisema. "Wewe ni mtu wa Ruvuma?"

"Ndiyo, mkurugenzi. Wa ziwani, Lundo."

"Basi unawajua Wamatengo."

"Najua maharage yao tu. Tulikuwa tunabadilishana na samaki."

"Inatosha."

Hapo ndipo aliponieleza kwamba wakubwa wa urithi wa dunia walikuwa wameanza kuchoka na ngome na majumba ya wafalme. Sasa walitaka na mandhari za utamaduni, yaani mahali palipoumbwa na kazi ya watu wa kawaida: matuta, mifereji, mashamba ya milimani. Huko Mbinga kulikuwa na mashimo ya kilimo yaitwayo ngoro, yanayofunika vilima vizima. Nilitakiwa kwenda kuchagua kilima kimoja kizuri, kukipima, kukichora, kukiandalia jalada la mapendekezo, na kukilinda mpaka mkaguzi kutoka nje afike. Kama kikikubaliwa, watalii watakuja, na idara itapona. Nilitoka pale nikijiona mtu aliyebeba idara nzima kichwani.

Mbinga nilipokelewa na Afisa Utamaduni wa Wilaya, bwana mnene mchangamfu ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuamua mashindano ya kwaya na ngoma. Alinipa meza chini ya rafu ya vikombe vya netiboli. "Mimi najua kuimba na kucheza," alisema. "Mashimo ni yako." Ni yeye aliyenibandika jina la Bwana Kale, na jina hilo lilinitangulia milimani kabla sijafika.

Ulikuwa mwezi wa tano na baridi ilikuwa kali. Nilipanda lori la mnunuzi wa kahawa mpaka Matiri. Wanunuzi binafsi ndio kwanza walikuwa wanaingia na mizani zao, na chama cha ushirika, kilichokuwa baba na mama wa mkulima, kilikuwa kimeanza kukohoa. Njia nzima wakulima walilalamika kwamba ruzuku ya mbolea imeondolewa na mfuko mmoja haushikiki. Niliwasikiliza kwa sikio moja. Baada ya Matiri nilitembea kwa miguu, nikauona mlima wa Mahumba.

Vijana, mimi nimeona kuta za masultani, lakini sikuwahi kuona kitu cha namna ile. Kilima kilikuwa kimesimama wima kiasi kwamba mbuzi angefikiria mara mbili, na uso wake wote, kutoka kileleni hadi kijito cha chini, ulikuwa mashimo ya mraba yaliyopangana safu kwa safu, kila shimo upana wa hatua moja na nusu hivi. Kwenye kingo kati ya shimo na shimo maharage yalikuwa yamestawi kijani kibichi. Mvua ikinyesha, maji hayapati nafasi ya kukimbia. Yanaingia shimoni, yanatulia, yanauacha udongo, na kingo hazimomonyoki kwa sababu chini yake kumelazwa nyasi. Bila mbolea ya dukani, bila jiwe hata moja. Nilivua kofia.

Kilima kile kilikuwa cha ukoo mmoja. Wamatengo huita ardhi ya namna hiyo ntambo, mgongo wa mlima kati ya vijito viwili ambao babu mmoja aliufyeka na wajukuu wake wakaendelea kuula. Mkubwa wa ukoo alikuwa Bibi Oliva, mjane mwembamba mwenye rozari shingoni na macho ya kukagua. Wa pili wake alikuwa shemeji yake, Mzee Kanisius, mlaza nyasi. Kazi ya ngoro ina mgawanyo wake. Wanaume hufyeka majani kwa nyengo, lile panga lenye ncha iliyopinda na mpini mrefu, kisha huyalaza chini kwa mistari inayokatana hadi kilima kionekane kimetandikwa wavu. Wanawake huja na majembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuurusha udongo juu ya nyasi. Shimo linabaki katikati, kingo zinapandwa. Haya yote nilielezwa nikayaandika. Maelezo yalikuwa mazuri sana.

Nilipima kwa majuma saba. Nilikuwa na futikamba, pima-maji, vigingi, na darubini ya kupimia niliyoazima idara ya ardhi. Kila shimo nililipa namba, upana, urefu na kina, nikaliweka kwenye ramani kubwa ya karatasi ngumu. Wanawake wa ukoo walipita na mizigo ya kuni wakinicheka. "Bwana Kale, umelisahau lile, litalia!" Nilicheka nao. Zilikuwa siku za furaha kuliko zote nilizowahi kuwa nazo kazini, na ndiyo sababu inaniuma kuziandika.

Ramani ilipokamilika nilialikwa kwenye sengu. Hiyo ni desturi ya Wamatengo, ukoo mzima kula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao na kuzungumza mambo yao hapohapo. Kwingi ilikuwa imekufa. Kwa Bibi Oliva ilikuwa bado hai. Tulikula ugali na maharage ya Mahumba, madogo mekundu yenye baka jeupe, matamu ajabu. Kisha nikaikunjua ramani, wote wakainamia. Niliwaeleza urithi wa dunia ni nini. Niliwaambia majina yao yatajulikana hadi nchi wasizoweza kuzitamka. Bibi Oliva alisikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante kwa maelezo, mwanangu," alisema. "Sasa niambie. Mwezi huu wa kumi na mbili tutapanda mahindi?"

"Mtapanda, mama. Mahindi yanapandwa kwenye kingo hizihizi, hayana shida."

"Na yakishavunwa, ule mwezi wa tatu wa ngoro mpya?"

Hapo ilibidi nimweleze. Ngoro huchimbwa upya mara moja kila miaka miwili. Mzunguko wa mwezi huo wa tatu ungefika kabla ya mkaguzi. Nilimwambia kwamba mkaguzi anatakiwa akute mashimo kama yalivyo kwenye ramani, kwa sababu jalada lina sura nzima ya uhalisi, yaani ya kuthibitisha kwamba kitu ni kilekile na hakijachezewa.

Mzee Kanisius aliinama zaidi juu ya ramani. Aliweka kidole chake kinene kwenye moja ya vigingi vyangu vilivyochorwa.

"Bwana Kale, mashimo haya ni ya mwaka huu. Mwaka juzi shimo lilikuwa hapa ulipoweka kigingi, na hapa ulipochora shimo ndipo palipokuwa ukingo. Tukilaza tena, yatahama tena."

"Ndiyo maana tunataka yasihame, mzee wangu."

Alinitazama. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeambiwa mto utasimama kidogo upigwe picha. "Yasihame," alisema. "Haya."

Ile "haya" niliipokea kama idhini. Bibi Oliva hakucheka. Aliniuliza ukoo wake utakula nini, nikamwahidi ni msimu mmoja tu, kwamba wakodi mashamba ya bondeni kwa muda, na wageni wakianza kuja kilima kitawalisha kuliko maharage. Nilimwahidi kwa mdomo wangu mwenyewe. Hakuna aliyenituma kuahidi. Akasema, "Mimi nakuamini wewe, si hao wa Dar es Salaam." Kwa neno hilo kilima kikafungwa.

Niliweka bikoni za saruji za mpaka kwenye pembe nne. Ndiyo, saruji, mimi niliyefundishwa ni adui. Niliweka na kibao: HIFADHI. USILIME, USICHIMBE, USIGUSE. Mahindi yalivunwa, mwezi wa tatu ukafika, na kwa mara ya kwanza tangu babu yao afyeke mlima ule, nyasi hazikulazwa Mahumba. Nilipopita barabarani kwa baiskeli niliona watu kwenye vilima vingine wamejipanga, wanaume juu na nyengo, wanawake nyuma yao na majembe. Sikusimama. Kilima changu kilikuwa kile cha kwenye karatasi.

Mkaguzi hakuja mwaka ule. Barua ilisema mwaka ujao. Mwaka ujao nao barua ilisema ujao tena, na kila barua niliipeleka kwa Bibi Oliva mimi mwenyewe. Mashamba ya bondeni yalitaka mbolea na mbolea haikununulika. Kahawa nayo mnunuzi alitaja bei aliyoitaka. Wajukuu wake wawili wakubwa walishuka ziwani kufanya biashara ya usipa, mwingine akaenda Songea, na sengu ikabaki ya wazee watano, kisha wanne. Ile mbegu nyekundu yenye baka jeupe aliipanda kiganja kimoja tu nyuma ya jiko ili isife.

"Mwanangu," aliniambia siku moja nilipomletea barua, "hawa wageni wako hawana njaa?"

Nilirudi Mbinga nikamwomba Afisa Utamaduni aniruhusu kuwaachia walime. Aliguna, akapuliza vumbi kwenye kikombe kimoja cha netiboli. "Bwana Kale, barua ya kufunga uliandika wewe. Ya kufungua ataandika Mkurugenzi Msaidizi." Tukamwandikia. Akajibu kwamba uhalisi wa eneo ulindwe kwa gharama yoyote. Nilikuwa na ufunguo wa kilima mkononi, hakuna askari aliyesimama pale, ningeweza kung'oa kile kibao siku ileile. Sikukigusa. Nilikuwa nimefundishwa vizuri mno.

Mwezi wa tatu wa pili wa ngoro ulipopita, Mzee Kanisius alikuwa ameshaanguka kitandani kwa ugonjwa. Alikohoa kipupwe kizima, akafa siku chache kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Katika siku zake za mwisho alituma salamu: "Mwambieni Bwana Kale nyengo yangu imeshika kutu." Nilikwenda mazishini, nikabeba jeneza na wenzangu. Na baada ya mazishi, naona aibu kuandika hili, nilimwomba Bibi Oliva ile nyengo kwa ajili ya chumba cha maonyesho tulichokusudia kukifungua. Akaingia ndani, akaitoa, akanipa. Niliifunga kibandiko cha karatasi kwa uzi, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: Nyengo ya kulazia nyasi za ngoro. Usiguse.

Hatimaye mkaguzi akaja. Alikuwa mama wa makamo kutoka nje, mpole, aliyejifunza Kiswahili akakiongea polepole bila makosa mengi. Alipanda Mahumba na viatu vyake vizito, mimi nyuma yake na ramani. Majani yalitufikia kiunoni. Alipiga magoti penye moja ya mashimo, akaingiza mkono. Lilikuwa limejaa udongo na majani yaliyooza, lilibaki kama sahani. Nilianza kumweleza kwamba hilo ni namba fulani, kina chake kadhaa.

"Nani analima hapa?" aliuliza.

"Hakuna, mama," nilijibu, na nilijibu kwa fahari. "Hakuna aliyegusa. Tumelilinda."

Kisha alifunga daftari lake bila kuandika, akainuka, akapangusa magoti. Njia nzima ya kurudi aliniuliza habari za ziwa na samaki, kama mtu anayemzungumzisha mfiwa. Jioni, kabla hajapanda gari, alisema neno moja tu juu ya kazi: "Bwana, ngoro si mashimo. Ni watu wanaorudi." Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Kanisius na kidole chake kwenye ramani. Nikakaa kwenye ngazi za ofisi.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Mashimo yaliyojaa hayakuwa na pa kuweka maji, na nyasi zilizolazwa chini ya kingo zilikuwa zimeshaoza zamani. Maji yakatafuta njia. Yalipoipata hayakurudi nyuma. Mchana mmoja korongo lilipasuka kutoka karibu na kilele hadi chini, likabeba udongo wa vizazi, likafukia chemchemi na safu zote za kahawa ya Bibi Oliva. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Nilipofika alikuwa amesimama ukingoni, khanga mabegani, miguu imejaa tope jekundu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, Bwana Kale." Hakunitazama. "Ulisema mikono yetu itaharibu."

"Nilisema, mama."

"Hii sasa ni kazi ya nani?"

Nililia mbele yake, mtu mzima mwenye watoto. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, ndipo akanikaribisha ndani, akanipa ugali na majani ya maboga, akaomba radhi kwamba maharage hakuna. Kesho yake nilikwenda na mtaimbo, nikang'oa bikoni moja baada ya nyingine bila kumwandikia mtu yeyote barua. Tatu nilizipata. Ya nne ilikuwa imekwenda na korongo.

Jalada lilifungwa. Mkurugenzi Msaidizi alihamishiwa wizara nyingine. Afisa Utamaduni alistaafu na kwaya ikamwimbia. Mimi niliendelea na kazi miaka mingine mingi, nyingi huku ziwani, Kihagara na kwingineko, nikikagua makanisa ya zamani na nyumba za mawe. Hayo niliyahifadhi vizuri, na sijuti, kwa kuwa mawe yana haja na mtu kama mimi. Bibi Oliva alifariki nikiwa kazini bado. Nilipanda kumzika. Kilima kilikuwa kimeota vichaka, na korongo limekaa katikati yake wazi. Vilima vya jirani watu walikuwa wanalima ngoro, na wanalima hadi leo. Ni pale tu nilipopalinda ndipo palipokufa.

Nilistaafu nikarudi Lundo. Watu wanaostaafu husema wanapumzika. Mimi nilipata muda wa kukumbuka, na sikushauri mtu ayatamani mapumziko ya namna hiyo. Ramani niliiweka chini ya kitanda. Nyengo niliitundika ukutani sebuleni, na kibandiko chake, kwa sababu chumba cha maonyesho hakikufunguliwa kamwe na sikuona pa kuirudisha.

Mwaka huu, kabla ya masika, alikuja mwanamke mmoja kutoka milimani. Alijitambulisha kuwa ni Editha, mjukuu wa Bibi Oliva, yule ambaye mama yake alikuwa mmoja wa waliokuwa wakinicheka na mizigo ya kuni. Amezaa, ameachana na biashara ya Songea, amerudi Mahumba. Anataka kukilima kilima. Ameanza kuziba korongo kwa magogo yeye na mumewe. Na katika kibuyu cha marehemu bibi yake alikuta mbegu, akaziotesha, nne zikatoka, sasa amezifikisha debe moja. Alinionyesha kiganjani: nyekundu, baka jeupe.

Nilitoa ramani chini ya kitanda. Tuliitandaza mezani, naye akaifuata kwa kidole, safu kwa safu.

"Babu," alisema, "majirani wanajua kulaza, lakini vilima vyao vimelala. Wanasema Mahumba ni wima mno, kulikuwa na namna yake, ndiyo maana zamani haukuwahi kuporomoka. Babu Kanisius alipolaza nyasi, alianza na mistari inayoshuka au ile inayokata kilima? Na nyasi za juu zilikaa juu ya za chini, au kinyume?"

Najua kina cha kila shimo la Mahumba. Niamsheni usingizini niwatajie.

"Sijui, mjukuu wangu," nilisema. "Sikuwahi kumwona akilaza."

"Hata mara moja?"

"Mwaka niliofika walikuwa wameshamaliza. Miaka iliyofuata nilimkataza."

Aliitazama ramani tena, akasema, "Ni nzuri, babu," kwa sauti ile ambayo watu husifia picha ya marehemu. Akaikunja taratibu. Alipoinua uso aliiona nyengo ukutani. Alisogea, akasoma kibandiko, midomo yake ikichezea neno la mwisho, kisha akageuka kunitazama kama anayeomba ruhusa.

Niliinuka mwenyewe. Nilikata uzi kwa kisu cha mezani, nikatoa karatasi, nikaishusha nyengo ya Mzee Kanisius na kumwekea mikononi. Mpini ulikuwa bado mzima. Alipitisha kidole gumba kwenye makali.

"Imeshika kutu," alisema.

Nilimletea jiwe la kunolea na maji kwenye bakuli. Alikaa barazani, akalaza jiwe pajani, akaanza kunoa. Nami nilivuta kiti, nikakaa karibu niione mikono yake inavyofanya.